Wageni wa Mhubiri

Kaka yangu ni dereva wa lori, na kwa sauti yake tangu utotoni tunamwita Honi. Asubuhi ile alivaa suti aliyoivaa tulipomzika mume wangu, akaniambia, "Dada, leo mtoto wetu anakuwa mchungaji."

"Bado," nikamwambia. "Leo anapimwa tu."

Binti yake nilimlea mimi, mama yake alipofariki. Sasa anasoma uchungaji katika chuo cha theolojia kilicho ndani ya chuo kikuu kikubwa. Kule anayemaliza huongoza ibada nzima mbele ya walimu, na akishindwa, kuhitimu kunasubiri. Mwenyewe ndiye aliyetualika.

Kanisa lao halikuwa na mbele wala nyuma. Viti vilipangwa duara, meza katikati. Mwalimu mkuu, mama wa mvi aliyevaa suruali ya jinzi, alikaa na wanafunzi kama mmoja wao.

"Kama kikao cha ukoo," Honi alinong'ona, na mnong'ono wake ukafika ng'ambo ya pili. "Nani kaiba mbuzi?"

Vijana wakacheka. Nikamfinya.

Binti yetu akasimama na joho jeupe. Wimbo aliuanzisha vizuri hata machozi yakanilenga. Kisha akasema tuombe, tukafumba macho.

"Mungu Mama yetu, uliyetubeba tumboni..."

"Shindwa!" Honi akanguruma. "Shindwa kwa jina la Yesu!"

Ndivyo tunavyofanya kanisani kwetu, mtu akisikia neno analodhani ni la yule mwovu. Nikafumbua jicho moja. Binti yetu alikuwa ameshikilia meza, midomo inatafuta pa kuendelea. Walimu waliinama wakaandika.

Neno lile lile lilikuwa mdomoni mwangu. Kaka alinitangulia tu. Lakini macho ya watu yalikwenda kwake, nami nikasogeza kiti changu taratibu, kama mtu anayekwepa jua.

Binti akasema "Amina" palepale. Mahubiri akayasoma mbio kama anayefukuzwa.

Tulipotoka, Honi alisimama mlangoni akijifuta jasho. "Dada, nimemharibia?"

Kabla sijamjibu, mwalimu mkuu akatufikia. "Karibuni sana. Ninyi ni wageni wa nani?" Aliuliza kwa upole, bila ubaya wowote.

"Tumepita tu, mama," nikasema. "Tulisikia wimbo."

Honi akanitazama.

Binti akatoka, joho mkononi, macho mekundu. Akaja moja kwa moja akamshika baba yake mkono.

"Mwalimu, huyu ni baba yangu. Na huyu ni shangazi, ndiye aliyenilea akanifundisha kusali."

Mwalimu akanigeukia. Nilingoja aseme lolote juu ya kupita na wimbo.

"Atarudia muhula ujao," alisema. "Mje tena, tafadhali."

Nikatazama viatu vyangu. Uso ulikuwa unawaka kama niliyeinamia jiko.

"Umechoka, shangazi?" binti akaniuliza, akauchukua mkoba wangu akautia begani kwake. Nilitaka kumwambia auache, kwamba sistahili kubebewa. Wakatangulia, yeye na baba yake, wameshikana mikono. Mimi nikafuata nyuma.