Nafasi ya Mama Kwenye Simu

Kazini walimwita Mita, na hakuona ubaya, maana mita ndizo zilizomlisha. Alikuwa msoma mita za maji. Kila siku alipita nyumba hadi nyumba na chuma chake cha kuinulia mifuniko, akiinama, akipangusa tope kwenye kioo, akisoma tarakimu. Zamani tarakimu hizo aliziandika kwenye daftari. Tangu mwanzo wa mwaka ofisi ilisema daftari limepitwa na wakati: kila msoma mita aweke programu ya kazi kwenye simu yake mwenyewe, apige picha kila mita, na akimaliza njia yake yote abonyeze "Tuma".

Simu yake mwenyewe ilikuwa ya zamani, imepasuka kona moja, na hifadhi yake ya ndani ilikuwa ndogo kuliko mfuko wa shati. Nusu yake ilishikwa na simu yenyewe kabla mwenyewe hajaweka chochote. Alinunua kadi ya kumbukumbu akahamishia picha zote, akadhani amepona. Lakini kadi ilipokea picha na nyimbo tu. Programu zilikataa katakata kuhamia huko. Basi akaanza kufuta. Akafuta redio, akafuta mchezo wa karata, akafuta ramani, maana mitaa aliijua kwa miguu. Mwisho zikabaki mbili nzito, ya kazi na ya kupigia simu za video, na hizo mbili hazikuenea pamoja.

Mtu mwingine angeifuta ile ya video akaendelea na maisha. Yeye hakuweza, kwa sababu mama yake alikuwa kiziwi tangu utotoni, na hakuwahi kukanyaga darasa. Hakujua kusoma wala kuandika, na hata lugha ya alama inayofundishwa shuleni hakuijua. Alizungumza kwa ishara alizozitunga mwenyewe nyumbani, na duniani aliyezijua zote alikuwa mtu mmoja tu, mwanawe wa pekee. Baba alishafariki. Shangazi mtu, aliyekuwa akiishi na mama huko mji mwingine, alijua tatu: kula, lala, njoo.

Kwa hiyo Mita alibuni utaratibu wake. Asubuhi, akifika ofisini penye mtandao wa bure, alifuta programu ya video akaweka ya kazi. Jioni, baada ya kutuma, alifuta ya kazi akaweka ya video, na saa kumi na mbili kamili uso wa mama ulitokea kwenye kioo, umesogea karibu mno, pua kubwa kuliko macho. Hapo mikono ya mama ilifunguka. Aliyoyaweka moyoni tangu jana aliyamwaga yote: jogoo wa jirani, mguu unaouma, shangazi mtu anavyopika bila chumvi.

"Wewe na hiyo simu ni kama mtu mwenye wake wawili na kitanda kimoja," fundi bomba wa ofisini alimtania.

"Afadhali huyo," alijibu Mita. "Wake wanaweza kupatana."

Utaratibu huo ulidumu miezi minne, hadi msimamizi alipowaita wote asubuhi moja. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Alisema toleo jipya la programu limetoka. Ni kubwa zaidi, na halitakiwi kufutwa hata siku moja. Atakayelifuta, mfumo utaonyesha.

Mita alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Bosi, simu yangu haina nafasi."

"Futa vitu."

"Nimefuta. Kimebaki kimoja, na hicho ndicho sauti ya mama yangu."

Alimweleza. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Pole. Lakini hata mimi naagizwa, mwanangu. Nunua simu kubwa zaidi."

Ni rahisi kusema. Simu kubwa zaidi alikuwa ameipanga mwisho wa mwaka, kama mambo yangekwenda sawa, na mambo huwa hayaendi. Akaweka toleo jipya. Programu ya video ikaondoka, na safari hii jioni haikurudi.

Wiki tatu zikapita. Kila jioni shangazi mtu alimwandikia ujumbe: "Mama yako hajambo." Siku moja aliongeza: "Ikifika saa zenu ananinyang'anya simu, anaiketisha mezani mbele yake na kuingoja. Namwambia hupo, haelewi." Mita aliusoma ujumbe ule akiwa kitandani kwake, katika chumba cha kupanga ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Akaifungua orodha ya vilivyomo kwenye simu, kwa mara ya mia, kama mtu anayepekua mfuko anaoujua kuwa ni mtupu. Hakukuwa na cha kufuta.

Simu iliingia Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Alikuwa uani kwa bibi mmoja mjane, amepiga magoti kwenye mita ya arobaini na saba kati ya sitini za njia ile.

"Niko hospitali na mama yako," alisema shangazi mtu. Alikuwa akihema. "Alikanyaga msumari Jumatatu, mguu umevimba, homa imempanda. Sasa anapigana na wauguzi. Amepiga teke sinia la dawa. Wanasema amerukwa na akili."

"Anasema nini?"

"Nitajuaje mimi? Anajishika koo, anajaza mashavu, analia."

Muuguzi akaichukua simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si mbaya. "Kaka, mgonjwa ana historia ya matatizo ya akili?"

"Hapana. Ni kiziwi, basi."

"Kuna dawa inayomdhuru?"

Mita alifikiri. Alikumbuka kwa mbali kwamba mama aliwahi kulazwa yeye akiwa mdogo, lakini kwa nini, hakuna aliyewahi kumwambia, naye hakuwahi kuuliza. "Sijui," alisema. "Nipigie kwa video. Atanieleza mwenyewe."

"Fanya haraka. Tumelazimika kumfunga mikono, asijiumize. Daktari anataka sindano iingie sasa."

Wamemfunga mikono. Mita alirudia maneno hayo kimoyomoyo na hakuyaamini. Mtu mwingine ukimfunga mikono bado ana mdomo. Mama yake alikuwa amefungwa kila kitu.

Aligonga neno la kupakua programu ya video. Kioo kikaleta yale yale: Nafasi haitoshi. Futa baadhi ya vitu.

"Bibi, una simu ya video?" alimuuliza mwenye nyumba.

Bibi akatoa mfukoni simu ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Jirani wa kushoto alikuwa kazini, geti lina kufuli. Kwa wa kulia aliita mara mbili, akaitikiwa na mbwa.

Akarudi kwenye simu yake. Programu ya kazi ilikuwa na mita arobaini na sita ndani, za tangu saa moja asubuhi, na hazikutumwa, maana hazitumwi mpaka njia iishe. Aliibonyeza na kuishikilia. Simu ikauliza: Ukifuta programu hii, taarifa zake zote zitapotea. Una hakika?

Aliwaza barua ya onyo, aliwaza kodi ya chumba, aliwaza msimamizi asiyepandisha sauti. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Kisha kupakua. Asilimia tatu. Asilimia tisa. Mtandao wa uani kwa bibi ulikuwa wa kubahatisha. Alitembea na mkono juu kama mtu anayetafuta jua, akakuta penye nguvu ni karibu na kichanja cha vyombo. Asilimia thelathini na moja ikaganda pale pale. Alimpigia muuguzi kwa simu ya kawaida, akamwomba: "Dada, msimchome kwanza. Dakika tano tu, nakuomba." Muuguzi akasema atajaribu, lakini daktari ana wagonjwa wengine. Bibi alileta kigoda, hakuna aliyekikalia.

Ilipofika mia, akapiga. Uso wa kwanza ulikuwa wa shangazi mtu, ukageuka dari, ukageuka kitanda. Mama alikuwa amelala chali. Vifundo vya mikono yake vimefungwa kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda, na vidole vilikuwa vinacheza hewani, vifupi vifupi, kama mtu anayezungumza amezibwa mdomo. Alipomwona mwanawe kwenye kioo, mwili wote ukatulia.

"Mfungueni," alisema Mita.

"Atatupiga," alisema muuguzi.

"Hatampiga mtu. Mfungue mkono mmoja, uone."

Muuguzi akafungua mmoja, kisha, alipoona mama hakurusha, akafungua wa pili. Mama aliinua mikono kwenye kioo. Akaonyesha chupa ndogo, mtu akiitikisa hivi, hivi. Akachoma begani. Akashika koo, akalibana, akajaza mashavu mpaka macho yakamtoka. Kisha akaonyesha mtoto wa kimo cha meza, akamwekea kidole kifuani: wewe. Wewe ukiwa hivi. Akalaza shavu kwenye kiganja na kufumba macho, na hiyo kati yao haikuwa ishara ya usingizi. Nilikaribia kufa.

"Hiyo sindano," Mita alimwambia muuguzi, "dawa yake ni unga kwenye chupa, mnatia maji na kutikisa?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Aliwahi kuchomwa hiyo nikiwa mdogo. Koo lilivimba, akakaribia kufa. Ameijua kwa vile mlivyoitikisa."

Muuguzi akasema, polepole, "Mungu wangu," akatoka kumwita daktari. Daktari alikuja, akauliza maswali sita, Mita akayageuza kuwa ishara na majibu kuwa maneno, amesimama kati ya masufuria ya mtu asiyemjua. Wakabadilisha dawa. Alipokata simu, kigoda cha bibi kikapata wa kukikalia.

Ofisini hakuficha. Msimamizi aliisikia habari yote.

"Mama anaendeleaje?"

"Homa imeshuka."

"Mshukuru Mungu. Mfumo umeshaandika kwamba umefuta, onyo limetoka lenyewe, siwezi kulirudisha. Njia ile utairudia Jumamosi." Akavuta droo, akatoa daftari la zamani. "Andika humu, mimi nitaingiza kwenye kompyuta ya hapa. Mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sina la kukusaidia, na wewe unajua."

"Najua."

Jumamosi aliirudia njia, nyumba sitini, akieleza kila geti kwa nini maji yao yanasomwa mara mbili. Jumapili akapanda gari alfajiri akafika hospitali kabla ya saa nne.

Mama alikuwa ameketi, mguu juu ya mto. Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza kushoto na kulia, akamkagua kama nyanya sokoni. Kisha akauliza lililokuwa moyoni mwake: wiki tatu, jua limezama, jua limezama, nimekaa mezani. Ulikuwa wapi?

Mita akatoa simu. Akaionyesha, akataka kusema imejaa. Lakini kati yao ishara ya kujaa ilikuwa moja tu, ya kusugua tumbo, ya mtu aliyekula akashiba. Akaisugua simu mgongoni, akasugua tumbo lake, akaonyesha hakuna pa kuingia.

Mama aliitazama simu, akamtazama yeye. Akauliza: imeshiba, na wewe umekonda hivi?

Akajaribu upya. Alikunja ngumi kuwa kibweta, akalazimisha vidole vya mkono wa pili kuingia, vikakataa. Akaonyesha msimamizi, akaonyesha mita, akaonyesha mlango unafungwa. Mama alifuata kila ishara kwa makini, na kila iliposimama alitikisa kichwa. Hakuelewa. Mwishowe alimshika mikono akaishusha, kumpa ruhusa ya kuacha, akamsogezea sahani yake ya chakula cha hospitali, ambacho hakuwa amekigusa.

Alikula. Mama alimtazama akitafuna, mikono yake imetulia mapajani, na kwenye vifundo vyake alama za bendeji zilikuwa bado hazijafutika.