Kichidi ya Shemeji

Watu husema mdomo uliponza kichwa. Mdogo wangu Cécilia aliponzwa na mkono, tena mkono wa kupikia.

Mumewe Popat, Mhindi wa Gujarati aliyekuwa na duka la vitambaa na chumvi mjini Kasongo, alifariki kwa homa mwanzoni mwa mvua. Aliacha nyumba ya nyuma ya duka na binti mmoja mdogo, Mado. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mume. Basi tuliposikia kwamba kaka wa marehemu anakuja kutoka Usumbura kufunga duka, Cécilia alikuwa na hofu moja tu: shemeji atamfukuza?

Nilikuwa nimetoka Kabambare kwa ajili ya matanga. Nikamkuta anapepeta choroko.

"Unafanya nini?"

"Shemeji anakuja. Nitamupikia chakula ya kwabo."

"Mupikie sombe yetu ya majani ya muhogo na samaki ya Lualaba. Atakimbia mwenyewe."

"Hapana, yaya. Akiona nilimuchunga ndugu yake muzuri, ataniachia nyumba."

Aliniita yaya, mkubwa wake, lakini hakunisikia. Kichwa ngumu tangu utotoni.

Popat hakula nyama wala samaki. Walipooana alimfundisha mwenyewe, amechuchumaa jikoni, majirani wakimcheka. Kichidi ni mchele na choroko, vinachemshwa na manjano mpaka vilainike. Pembeni unaweka mchuzi wa maziwa ya mgando na unga wa dengu, wenye sukari kidogo. Kwao Gujarati, alisema, mchuzi usio na utamu ni maji ya kunawa. Wahindi wa mikoa mingine wale wanavyotaka. Mwisho unamwagia samli ya moto, mbegu za haradali zikirukaruka. Sisi tulionja tukasema ni chakula cha vibogoyo. Cécilia hakucheka. Alimpenda yule mtu.

Shemeji akafika. Jina lake Mansukh, mtu mkavu, hana maneno. Mchana kutwa alifungasha vitambaa, Mado akimpita huku na huku, asimtazame hata mara moja. Jioni Cécilia akamtandikia mkeka, akamwekea sahani ya shaba ya marehemu. Mansukh akala tonge moja. Akala la pili, machozi yakamtiririka.

"Hii ni mukono ya mama yetu," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Ndugu yako."

Mado akaja akakaa karibu naye, akachovya kichidi kwenye mchuzi kwa vidole vitatu, kama baba yake alivyozoea. Hapo Mansukh akamtazama, akamtazama sana. Cécilia akanikonyeza kwa furaha. Nami nilifurahi, kwa nini niseme uongo?

Asubuhi Mansukh akatuita.

"Nyumba, ubaki nayo. Lakini mutoto huyu, kinywa yake iko ya kwetu. Kwa mama yetu hatakuwa mugeni. Ninaenda naye."

Cécilia akampigia magoti baba yetu, mzee Bulaimu, ambaye naye alikuwa amekuja matangani. Baba akainamisha kichwa. Popat alikuwa amemaliza mahari, mbuzi wote na vitambaa vyote, na kwetu mahari yakiisha mtoto ni wa upande wa baba.

"Mimi nilikula ile mbuzi, mama," akasema. "Nitakataa namna gani?"

Nilitaka kumpigia kelele mzee wangu. Badala yake nilifunga nguo za Mado, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mado akapandishwa kwenye lori. Hakulia, alidhani ni matembezi. Injini ilipowaka ndipo akachungulia.

"Mama, kule watanipikiaka sombe?"

Mansukh alikijua Kiswahili vizuri. Akageuza uso.

"Eeh, mama," Cécilia akajibu. "Watakupikia."

Lori likashika njia ya Kabambare, kwenda Usumbura. Tukarudi kwenye nyumba aliyoipata Cécilia. Kichidi ya jana ilikuwa imeganda chunguni, nikaichukua niimwage. Akaninyang'anya chungu, akaketi chini, akaila yote huku analia.