Figo la Kushoto la Bi Hindu

Bi Hindu alikuwa ameegemea ukuta kando ya dirisha la bima la hospitali, ameshika ubavu wa kushoto, na miguu imemvimba hata viatu vikawa havimwingii. Tangu jana alasiri hakuwa amepata mkojo. Yeye na nduguye Abdulwahid walitoka Siyu alfajiri, wakangoja maji yajae ndipo boti ikaweza kupita mkondoni. Sasa ilikuwa saa tano, na jina lake ndiyo kwanza limeitwa.

"Mfumo umekataa," alisema Keziah, karani wa bima, bila kuinua macho.

"Umekataa nini?" Abdulwahid aliuliza.

Keziah alibonyeza tena, akangoja, akasoma. "Daktari Ian ameomba mama apelekwe Mombasa akawekewe mrija kwenye figo la kushoto, kwa sababu jiwe limeziba. Lakini hapa inasema hana figo la kushoto. Lilitolewa mwaka jana. La kulia na la kushoto, siku moja. Yote mawili yalilipiwa."

Bi Hindu alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Mwanangu, mimi nilitolewa moya. La kulia, lilikuwa limeoza kwa usaha. Nna kovu moya tu. Nikuonyeshe?"

"Kovu silihitaji, mama. Kila operesheni ina namba yake, na namba ina herufi ya upande. Hospitali iliyokupasua iliandika pande zote mbili."

"Na mtu asiye na mafigo hukaa hai mwaka mzima?"

Keziah alinyanyua simu akamwita daktari.

Daktari Ian alikuja mbio, picha ya mawimbi ya sauti mkononi. "Figo hili hapa. Nimelipiga picha asubuhi hii hii."

"Daktari, mfumo haupokei picha. Unapokea barua kutoka hospitali iliyoandika namba hizo."

Hospitali hiyo ilikuwa ya binafsi, kule Mombasa. Bi Hindu alilala siku nane pale, na siku ya kutoka aliletewa makaratasi saba. Tia sahihi hapa, mama, na hapa, na hapa tena. Alitia. Akarudi kwao akiwaombea dua, na mwezi uliofuata akawatumia wauguzi mkebe mzima wa ladu tamu za simsim.

Keziah aliwaingiza ofisini, akafunga mlango na kupiga simu huko, sauti ikiwa wazi wote wasikie. Aliyepokea alikuwa msimamizi wa madai, kwa jina Crispus.

"Bi Hindu, pole sana kwa kuugua," alisema kwa sauti laini. "Lakini nimefungua faili lako na namba zetu ziko sawa."

"Zi sawa vipi, nami figo ninalo?"

"Kuna njia. Nitatuma fomu sasa hivi. Inasema kuna mtu mwingine aliyetumia kadi yako, naye akatolewa la kushoto kwa jina lako. Ukitia sahihi, mstari wa figo la kushoto unafutwa na figo lako linarudi."

"Mtu gani huyo?"

"Jina si lazima."

"Hiyo ni kusema mimi nimeiba."

"Ni kusema kadi ilitumika vibaya."

"Kwa nini msiseme mliandika kimakosa?"

"Tukikiri kosa lazima turudishe pesa za bima, mama, na mimi sina mamlaka ya kurudisha pesa." Sauti haikupanda wala kushuka. "Wewe fikiria afya yako. Nasikia hali si nzuri."

Simu ikakatika. Muda si muda mashine ya Keziah ikatoa karatasi, na jina la Bi Hindu lilikuwa limeshapigwa chapa chini yake.

"Tia, dada," Abdulwahid alisema. "Uhai kwanda. Mngu ayua ukweli."

"Mimi nazi ya jirani ikianguka uwani kwangu huirudisha, Abdu. Leo niandike kwa mkono wangu kuwa ni mwizi?"

"Waandikie wanalotaka, upate mrija."

Keziah alishusha sauti. "Mama, nisikufiche. Ukitia, wanaweza kuifunga kadi wachunguze."

"Na nisipotia?"

Karani alitazama vidole vya Bi Hindu, vilivyokuwa vimejaa kama mihogo iliyorowekwa, kisha akatazama pembeni.

Adhana ya adhuhuri ilipokwisha, Bi Hindu alitia sahihi. Aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, bila kumtazama mtu.

Saa tisa figo likarudi. Keziah aliwaita waone: mstari wa pili haupo tena. Akatuma ombi la mrija upya. Jibu halikuchukua hata dakika. *Mwanachama amesimamishwa. Uchunguzi unaendelea.*

Daktari Ian aliandika barua, akaandika nyingine, akapigia simu watu waliomwelekeza kwa watu wengine. Hata mashine ya kusafisha damu ilitaka kadi iliyo hai. Abdulwahid alirudi Siyu kutafuta mnunuzi wa shamba la urithi. Bi Hindu alilazwa. Siku ya pili alipumua kwa kukoroma. Akawa anamwita muuguzi Quinter kwa jina la mamake aliyekwisha kufa.

Siku ya tatu, kwa ndege ya asubuhi, alifika bwana mmoja mwenye suti na beji shingoni. Alikuwa Kipchumba, mchunguzi wa bima. Quinter alimfuata hadi kitandani akidhani ameleta idhini.

"Mrija umekubaliwa?" aliuliza.

"Hiyo ni idara nyingine, sista. Mimi nashughulikia figo lililotolewa kwa udanganyifu." Akavuta kiti. "Mama. Mama, wanisikia? Nataka jina la yule uliyempa kadi."

Bi Hindu alifumbua macho. Midomo ilicheza, ikatoa neno moja: "Mayi."

"Amesema nani?"

"Ameomba maji," Quinter alisema. "Haruhusiwi. Hayana pa kutokea."

Kipchumba aliandika tarehe na saa, akaacha nafasi ya jina. Kisha akatafuta mahali pa kuweka mkoba wake. Ukining'inia kutoka kitandani hadi karibu na sakafu, ulikuwapo mfuko wa mkojo, mkavu, bapa kama bahasha isiyo na barua. Akausogeza kwa ncha ya kiatu, akaweka mkoba, na kuuliza tena.