Kulungu Aliyemjua Jina

Ukungu ulikuwa umelala msituni asubuhi ile, na Merepaea alipita ndani yake kama mtu aliyeingia katika usingizi wa mwingine. Matone yalidondoka kutoka kwenye miti bila sauti. Ilikuwa Aprili, madume ya kulungu yamepandwa na wazimu wa mapenzi, na bonde zima lilinguruma.

Pale mgongoni mwa kilima aliachana na Hōhepa, mume wa dada yake Ani. Walitaka nyama ya harusi ya binti wa Ani na Hōhepa.

"Mimi ng'ambo ya kijito, wewe upande huu," Hōhepa alisema, akivaa koti la mvua la kahawia juu ya fulana yake ya rangi ya chungwa. "Na usinifuate, shemeji. Marashi yako yatafukuza hadi ndege."

"Afadhali marashi kuliko hizo soksi zako. Wewe usivuke kijito tu."

"Nivuke niende wapi? Nimekulia humu!"

Merepaea aliketi nyuma ya gogo lililoanguka, akachukua kipande cha bomba anachotumia kuwaitia madume, akapuliza. Sauti nzito ikatoka, ikapotea kwenye weupe. Kimya. Kisha, kutoka mbali, dume likamjibu.

Akapuliza tena. Likajibu tena, karibu zaidi. Wakaendelea hivyo muda mrefu, yeye na ile sauti, hata akaanza kuhisi kwamba wanazungumza mambo ya maana: upweke, baridi, marehemu mumewe aliyempenda sana. Alisahau njaa. Alisahau kwamba miguu yake imelowa.

Ndipo akaliona. Juu ya majani ya makangaga zilisimama pembe, pana, zenye matawi mengi. Chini yake bega la kahawia. Mvuke wa pumzi ukapanda. Akainua bunduki, akatazama kwenye darubini yake, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Shingo ile. Alikuwa na hakika ya shingo ile.

Lakini bega lilisogea, na pembe hazikusogea.

Merepaea alikaza macho. Hakuona mguu. Hakuona sikio. Moyo ulimwambia, piga, ataondoka. Na nyama ya harusi nayo itaondoka. Akashusha mtutu ukaelekea ardhini. Akikimbia, akimbie.

"Nani hapo?" akaita kwa sauti.

Kulungu akasema, "Mere?"

Ukungu ukafunguka kidogo. Pembe zikawa matawi makavu ya mti uliokufa, na mbele yake akasimama Hōhepa, bomba lake likining'inia shingoni.

"Umevuka kijito," Merepaea alisema.

"Sikukiona. Nilikuwa nalifuata dume."

"Dume ni mimi, Hōhepa."

Hōhepa akaketi chini kwenye tope, kama mtoto. Aliondoa risasi kwenye bunduki yake. "Nilikuona jike," akasema. "Limejilaza nyuma ya gogo. Nililiona hadi masikio, Mere. Nikafyatua."

"Sikusikia kitu."

"Nilisahau kufungua kizuizi cha usalama, risasi haikutoka. Ndicho nilichokuwa nakifungua ulipoita."

Merepaea alimshika mkono, wakakaa hapo hadi ukungu ulipoanza kupanda vilimani. Dume la kweli lilinguruma mahali fulani chini ya bonde. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Walimkuta Ani jikoni, unga hadi viwikoni.

"Nyama iko wapi?"

Hōhepa alichomoa komeo la bunduki yake, ambalo bila hilo haipigi, akaliweka juu ya meza. "Kidogo nimuue dada yako," akasema. "Kaa na hili. Usinipe hata nikiomba."

Ani alimpiga kifuani kwa mikono yote miwili, akaacha alama nyeupe kwenye fulana, kisha akamvuta kichwa chake begani akalia. Merepaea alitoka nje, akasimama juani, akagusa masikio yake mwenyewe, moja baada ya jingine.

Harusini watu walikula samaki aina ya mkunga na kondoo wa jirani, wakasifu. Muziki ulipoanza Hōhepa alikuja kumwinua shemeji yake wacheze. Alimshika mkono kwa nguvu kuliko ngoma ilivyotaka, naye Merepaea akamwacha aushike hivyo.