Jina Langoni

Mwenyekiti wa baraza la ardhi alianza vizuri, simnyimi haki yake. Alisimama, akatoa kadi mfukoni, akasoma kwamba tumekutana juu ya ardhi ya wenyeji wa asili, walinzi wake tangu enzi na enzi, na kwamba anawaheshimu wazee wao waliotangulia na walio hai. Akanyamaza kidogo kwa ajili ya wafu wetu. Mama mdogo Coralie akaninong'oneza, "Huyu kafundwa."

Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani mtu anayewaheshimu wafu wetu hivyo anajua pia jinsi sisi tunavyowaheshimu.

Kampuni ilitaka kuvunja mawe kwenye kilima chenye chemchemi yetu. Ili kuizuia, mama mdogo alitakiwa athibitishe kwamba mila za mahali pale alirithishwa na wakubwa wake. Aliimba wimbo wa chemchemi, akaeleza ni nani anayekunywa kwanza na kwa nini. Wakili wa kampuni, Bi Halloran, akamuuliza nani alimfundisha.

"Kaka yangu."

"Jina lake, mama?"

Mama mdogo akatazama mikono yake. Mjomba tulikuwa tumemzika majira ya baridi yaleyale, na kwetu jina la marehemu halitamkwi. Ukimwita, unamkatisha safari. Hata picha zake tulikuwa tumezigeuza ukutani.

"Huyo kaka ana jina au hana?"

"Hayupo," alisema. "Ndiyo maana."

Watu wa nyuma wakacheka. Niliinuka nieleze, nikaambiwa nikae, mimi si shahidi. Baada ya wiki mbili uamuzi ukatoka: shahidi ameshindwa kumtaja aliyemrithisha, basi kampuni iendelee. Nao ulianza kwa kututambua sisi walinzi wa ardhi. Nilitamani kuutemea mate.

Walituachia kitu kimoja. Kilima kitavunjwa, lakini chemchemi itabaki, na mama mdogo ataweza kuiendea siku yoyote kwa kupitia lango la kampuni. Alisema nusu shari kuliko shari kamili, akawaambia wajukuu wajiandae, atawapeleka.

Siku ya ufunguzi wa machimbo lango lilikuwa limefunikwa kitambaa. Meneja wa kampuni, Bwana Lachlan, alimshika mama mdogo mkono, akamsogeza mbele ya wageni. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo siwezi kumsamehe.

"Mama, lile jina la kaka yako tumelitafuta mpaka tumelipata kwenye vitabu vya serikali. Tumeona tulipatie heshima yake."

Akavuta kitambaa. Herufi zilikuwa nyeupe, kila moja na urefu wa mtoto. Wageni walilisoma kwa sauti, wote pamoja, kisha wakapiga makofi. Mama mdogo alijifunika uso kwa mtandio, akageuka. Nikamshika.

"Kuna njia nyingine ya kufika?" aliuliza, uso bado umefunikwa.

"Hakuna, mama, lango ni hili tu," meneja akasema. "Lakini wewe usihangaike. Ukifika mtajie mlinzi jina hilo, atakufungulia."