Kontena Lisilosemezana na Mwenyeji Wake

Jana alasiri, nikiwa nimelaza kichwa mezani chumbani kwangu, niliota.

Kwanza niseme nilikuwa nafanya nini. Zahanati moja hapa Moshi imenipa kazi ya kuiwekea daftari la wagonjwa kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe iko sebuleni kwa baba yangu, Mzee Elifuraha, ambaye ninaishi naye. Ndani yake nimetengeneza makontena, yaani vyumba vilivyofungwa, kila kimoja na programu yake na namba yake ya mtandao. Jumatatu wagonjwa wanaanza kuandikishwa. Lakini tangu asubuhi kontena la daftari, kila lilipoita mtandaoni, lilikuwa linaitikiwa na printa, na simu yangu, hata na televisheni ya jirani tunayegawana naye mtandao. Kompyuta ambamo kontena lenyewe limo ndiyo haikuitika hata mara moja.

Basi naota nimo ndani ya kontena. Ni chumba cha bati. Kina kitanda changu, birika la umeme, na mlango mmoja unaotokea barabarani. Mlango wa kwenda sebuleni haupo. Shingoni nimevaa kibao cha namba, kinaishia na arobaini na saba. Sioni ajabu yoyote.

Nafungua dirisha, naita, "Printa!"

Kimya.

"Hapa hatujui majina," linasema birika. "Aliyekuwa anayajua amehama bila kuaga. Taja namba."

Nataja namba. Printa anaitika kutoka ng'ambo ya barabara kwamba hajambo, ila karatasi zimemwishia.

"Pole," nasema.

"Nimeshapoa. Na wewe?"

"Nipo tu."

Naijulia hali televisheni ya jirani. Iko katikati ya mpira, lakini inanijibu vizuri. Mtaa mzima unanijibu. Kisha nataja namba ya sebuleni, na hakuna anayeitika. Kupitia bati namsikia baba akikoroga chai. Namsikia akikohoa. Naita tena. Kijiko kinaendelea kuzunguka.

Naenda kumlaumu ukuta wa moto, ile programu inayozuia wageni wa mtandao, maana kila mtu huanza na yeye. Yuko kizingitini, analinda mlango, ndimi zake fupi na safi.

"Si mimi," anasema kabla sijafungua kinywa. "Nimechoka kusingiziwa. Nizime uone."

Namwagia maji. Anazimika kwa adabu. Naita sebuleni. Kimya kilekile. Namwasha tena kwa kiberiti, namwomba radhi.

"Unamwita nani hasa?" linauliza birika.

"Baba. Ndiye mwenye nyumba."

"Hutampata. Sheria ni kwamba kontena la aina yako husema na mtaa mzima, isipokuwa nyumba linamokaa."

"Kaiweka nani sheria hiyo?"

"Wewe. Fomu yako hii hapa."

Fomu ina mwandiko wangu na tarehe ya msiba wa mama. Penye nafasi ya kujaza aina ya mtandao nimeandika, "Baba, ungepokea simu mama angekuwa hai."

Nilikuwa nimeyasema kweli maneno hayo, jikoni, wanawake wakipakua chakula. Mama alianguka bafuni, akampigia baba, simu ikaita mpaka ikakatika. Baba alifanya kazi posta miaka thelathini na moja akiwaunganishia watu simu zao. Siku ile hakunijibu. Tangu hapo, miezi saba sasa, mimi husema, "Chakula tayari," naye husema, "Ahsante."

"Inafutikaje?" nauliza.

"Haifutiki," linasema birika. "Huwa mwenyeji anajitobolea mlango wa pili, wenye namba yake, unaotokea barabarani. Kisha mnasalimiana huko kama majirani. Lakini mlango huo hutobolewa kutoka upande wake."

"Nami nifanye nini?"

"Uite. Halafu ungoje."

Natoka nje. Barabara ya kuizunguka nyumba yetu imekuwa ndefu kama ya kwenda Arusha, na pembeni kumejaa milango yenye namba za watu nisiowajua. Wote wananisalimu. Naitikia mmoja mmoja mpaka sauti inanikauka. Nikifika nyuma ya sebule nakuta ukuta mtupu wa bati. Kwa ndani kuna mtu anakata kwa msumeno, polepole, akipumzika kila baada ya muda, kama mzee anavyokata.

"Baba, upo?" naita.

Msumeno unasimama.

"Baba, upo?"

Naita mara ya tatu. Naita mara ya nne.

Nikaamka. Baba alikuwa amesimama mlangoni kwangu na sweta lake la kijivu, anahema.

"Umeniita mara nne," alisema. "Nami nimeitika mara nne. Kuna nini?"

"Ulikuwa wapi, baba?"

"Kule chini, kwenye migomba."

Migomba iko mbali. Hata ningepiga kelele kwa nguvu zangu zote, asingesikia mtu mwenye masikio mazima. Nadhani naye alilifikiria hilo, kwa sababu alijishika sikio la kushoto.

"Simu ya mama yako sikuisikia, Tumsifu," alisema. "Ilikuwa mfukoni mwangu, inaita, nami sikuisikia. Miaka miwili sasa masikio haya hayafanyi kazi. Niliona aibu kusema. Mimi, mtu wa simu."

"Nisamehe, baba," nilisema.

"Sema kwa nguvu."

"Nisamehe!"

Akatikisa kichwa kukubali, akaketi kitandani kwangu, mahali ambapo hajaketi tangu nikiwa mtoto. Alijipangusa mikono ya sweta, na chenga za bati zikaanguka sakafuni.

Niliinama nikaokota moja. Ilikuwa bado ya moto.