Sidiria Aliyoshona Pini

Wateja walimwita Mama Mkasi, na kama kuna mtu aliyejua kuwatimua wapambe, ni yeye. Bibi harusi akija dukani na shangazi zake, kila shangazi na gauni lake akilini, Mama Mkasi aliwaomba wote wakapunge upepo nje, akavuta pazia, akamuuliza mwenye harusi anataka nini. Kitambaa hakikuguswa mpaka jibu litoke. Kwa hiyo ungedhani siku maradhi yalipomgeukia yeye, angejua kujisemea. Wapi. Aliingia kwa daktari dada yake kamshika mkono huu, mumewe mkono ule, akakaa katikati yao kimya, mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya taratibu. Majibu ya vipimo yalikuwa yameshaonyesha kwamba uvimbe wa titi la kushoto ni saratani. Sasa alieleza kwamba umeenea, titi lote litolewe, hapo hapakuwa na mjadala. Lililobaki lilikuwa la mgonjwa mwenyewe. Kifua kingeweza kushonwa kikabaki bapa. Au titi liundwe upya siku hiyohiyo kwa nyama ya tumboni, ambayo ni operesheni ndefu, yenye kidonda cha pili na kupona kwa polepole. Au liundwe baadaye, matibabu yakiisha. Alisema yote matatu ni sawa, arudi Alhamisi na uamuzi wake.

Dada mtu hakusubiri Alhamisi. Huyu alikuwa na majibu hata ya maswali ambayo hayajaulizwa. Kwenye ngazi za hospitali alishaamua kwamba kwa umri huu titi la nini, watoto wamekua, wajukuu wananyonya kwa mama zao. Walipofika barabarani akakumbuka ile nyama ya tumboni, akaona kupunguza tumbo bila kulala njaa ni bahati ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuipata. Kufika nyumbani ameshageuka, titi halina kazi tena. Mama Mkasi aliitikia yote, maana kumbishia dada yake ilikuwa kazi ya siku nzima.

Mumewe alisema mara moja tu kwamba mwili ni wake, atakaloamua ni sawa. Kisha akarudi kwenye cherehani. Mafundi wenzake walimpa jina la Pini kwa sababu ya pini alizokuwa akizibana midomoni akishona, wakadai kwamba kwa kumfunga mdomo ndizo zilizoiokoa ndoa yake. Siku nyingine Mama Mkasi angecheka. Safari hii aliyasikia maneno yale ya upole, akaona mwenzake amemwachia mzigo wote abebe peke yake.

Na ukweli ni kwamba alikuwa anajua anachotaka. Alilitaka titi. Alilitaka kwa nguvu iliyomshangaza, na aliona haya. Wenzake pale kwenye benchi la hospitali walikuwa wanaomba uzima tu, yeye anawaza umbo, na mvi hizo kichwani. Zaidi ya hapo alimwogopa Pini. Mumewe akisema halihitajiki, angemtii, kisha amnunie mpaka uzeeni. Akisema analitaka, asingejua tena kama anapasuliwa kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili ya macho ya mume.

Basi wakanyamaziana, huyu kwenye meza ya kukatia, yule kwenye cherehani. Ila Pini alianza vituko. Kila mkewe alipokaribia, alikifunika alichokuwa anashona kwa aproni na kujikohoza, kama mtoto aliyeiba sukari. Mama Mkasi alihisi mengi, mengine ya kijinga, akayameza.

Jumatano alasiri Pini alimrudisha mteja aliyeleta zipu mbovu, akafunga mlango, akaweka mezani kifurushi cha karatasi ya kaki. Ndani mlikuwa na sidiria. Pamba nyeupe laini, ukingo wa lesi ile ya bei mbaya ambayo hata wateja wakubwa alikuwa akiwapimia kwa roho ngumu. Upande mmoja ulikuwa na mfuko uliojazwa sponji, na katikati ya sponji vifungo vidogo vya chuma, ili uwe na uzito kama titi la kweli. Akamwonyesha pazia.

Mama Mkasi akaenda kuivaa. Akatulia mbele ya kioo. Mfuko wa sponji ulikuwa kulia. Kulia, ambako titi zima lilikuwa nyumbani kwake na halina mpango wa kuhama, na sasa limeletewa mpangaji. Alitoka nje ya pazia hivyohivyo, kifua kimelemea upande mmoja, akasimama mbele ya mumewe. Pini aliangalia. Akaangalia tena. Kisha fundi huyu, aliyezoea kuwakemea wanagenzi kwa kosa hilohilo la kuchanganya kulia na kushoto, akajishika kichwa.

"Nimeikata kama ninavyokuona," alisema. "Ukiwa umenielekea."

Mama Mkasi alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye kigoda cha pasi. Hakuwa amecheka tangu siku ya vipimo. Kicheko kikageuka kilio katikati, naye akakiacha kigeuke. Alipopata sauti alimuuliza kama ndiyo kusema hataki liundwe.

"Naiogopa ile operesheni ndefu," Pini alisema. "Naogopa usije ukashindwa kuamka. Nilijua nikikuambia, utaamua kwa kunihurumia. Ndiyo maana nikashona."

"Ni nzuri, mume wangu," alisema Mama Mkasi, akiipapasa lesi. "Lakini siyo ninachotaka. Maisha yangu yote nawavalisha watu sponji. Mimi nikivua nguo, nataka niwe nimemaliza kuvua. Nataka titi. Usiniulize la nini."

Pini hakuuliza. Alitaka kujua tu kama mkewe haogopi. Mama Mkasi akakiri kwamba anaogopa sana, usingizi wenyewe unamkimbia. Wakakaa pale na uoga wao, wawili kwenye kigoda kimoja, mpaka mwenye zipu mbovu akarudi kugonga.

Alhamisi daktari aliwasikiliza, akasema ukweli wake pia. Kama vipimo vya mwisho vitaonyesha haja ya matibabu ya mionzi, huenda titi lisiundwe siku ileile, itabidi asubiri. Pini alishusha pumzi, na mkewe akaisikia.

"Nitasubiri," alisema Mama Mkasi. "Lakini andika kwamba ninalitaka."

Dada yake, ambaye asubuhi hiyo alikuja na wazo jipya la nne, alisahau hata kulitoa. Akamgeukia kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Kwa umri huu, mdogo wangu?"

"Kwa umri huuhuu, dada."

Daktari akaandika.